Fundi wa Subaru ya Nyanchama

Kila baada ya kilomita elfu tano, Nyanchama hutoka Homa Bay na Subaru yake ya turbo hadi kwa fundi mmoja wa Rongo, na kila mara fundi huyo hunawa mikono kabla ya kazi, heshima asiyolipa gari jingine lolote. Huinua boneti polepole, kama anayemfunua mtoto aliyelala. Husimamisha bisibisi juu ya injini inayonguruma, huweka sikio kwenye mpini kuisikiliza na kufumba macho. Wateja wakimtania, "Omera, ndugu yetu, hapa ni gereji ama kanisa?" hucheka bila kuyafumbua.

Leo Nyanchama alimletea karatasi ya bei kutoka kampuni kubwa ya Kisumu: elfu hamsini na nne, mara tatu ya bei ya fundi. Kama walikuwa na cha kumzidi, gari lingehamia kwao.

"Fundi, niambie ukweli. Watanipa nini ambacho wewe hunipi?"

Kidole cha fundi chenye nyufa nyeusi za grisi kikashuka mstari kwa mstari. "Oili, hii nafanya. Plagi, nafanya. Filta, nafanya, na spea ni ileile."

Kwenye mstari wa mwisho kidole kikasimama: kulijaribu gari barabarani, kilomita ishirini. Kwa miaka minne Nyanchama hajamwachia mtu usukani huo, na fundi hajawahi kuomba.

"Hii tu ndiyo sifanyi, madam," akasema taratibu, macho yakiifuata lami ya kwenda Migori. "Wao watakulipisha. Mimi ningekulipa."