Mlinzi Aliyekuwa Anamvimbisha Mkalimani

Jamani, kuna kitu kilitutoa jasho kazini. Tukikitafuta kinaongezeka, tukikiacha kinatulia.

Ngoja niwasimulie.

Mimi na wifi yangu, mke wa kaka, tuko ofisi moja. Yeye ndiye aliyeunda Mkalimani, programu inayosoma lugha yetu ya kompyuta na kuitekeleza. Anampenda Mkalimani kuliko kaka yangu, simsingizii.

Basi Mkalimani akaanza kuvimba. Anachukua nafasi kwenye kumbukumbu ya kompyuta, harudishi. Ikijaa tu, chali!

Bosi akaja amenuna.

"Leo nipate ripoti, panapovuja hiyo kumbukumbu pajulikane. La sivyo tunamtupa, tunanunua programu nyingine."

Wifi akanywea. Miaka yote ile ya kazi itupwe hivihivi? Roho iliniuma.

"Usilie juu ya kibodi, wifi, utaleta shoti," nikamwambia.

Akacheka kidogo, tukaanza.

Pale ofisini tulikuwa na programu ya zamani, Mlinzi. Kazi yake kushika kila kitu kinachoingia kwenye kumbukumbu, ili aseme kipi hakijatoka. Huwa hazimwi.

Tukahangaika weee. Mkalimani anavimba tu.

Mchana feni ya kompyuta ikanichosha kwa kelele, nikamzima Mlinzi ili ipoe, tukaenda kula. Kurudi, Mkalimani mwembamba, katulia!

Wifi akanikodolea macho.

"Mlinzi si anashika kila kitu?"

"Ndiyo."

"Na Mkalimani hafuti kitu ambacho bado kimeshikwa?"

"Ndi... Mungu wangu!"

Mchunguzi ndiye mvujishaji!

Wifi akamfungua Mlinzi aone nani kamwandika. Akanyoosha kidole kwenye mlango wa bosi.

Kumbe bosi ndiye aliyemwandika zamani, enzi hajapata kiti cha kuzunguka.

"Ripoti andika wewe, wifi. Mimi nina watoto," akaninong'oneza.

"Na shangazi yao akifukuzwa?"

Nikaandika hivyohivyo: panapovuja, namna ya kujionea, namna ya kuziba. Jina nikaliruka.

Bosi akasoma, akapiga meza.

"Uchafu gani huu! Nani alimwandika huyu Mlinzi?"

Mimi nikatazama dari.

Wifi akakohoa. "Jina lipo mstari wa kwanza wa Mlinzi, bosi. Kwa herufi kubwa."

Bosi akafungua. Akasoma. Akaketi taratibu.

"Mkalimani abaki," akasema. "Mlinzi... mumpumzishe. Kwa heshima."

Wifi alifika mezani kwake ndipo akalia, tena juu ya kibodi. Safari hii nikamwacha.

Funzo? Kitu kikigoma kutoka, angalia kwanza nani amekishika. Ukikuta ni bosi, mtume wifi yako.