Shija kapiga mwano kwenye mchezo wangu

Jamani, kazi yangu ya miezi miwili imekufa leo kwa dakika tano.

Mnaujua ule mchezo wetu wa mezani wa Jumapili. Mimi nasimulia, wenzangu watatu wanakuwa mashujaa, dadu inaamua nani kapona.

Leo wezi thelathini wameiba ng'ombe na kuwaficha pangoni. Pango zima nimelichora kwa mkono! Mitego, njia za siri, joka mlangoni. Raha yote ilikuwa waingie humo kwa kunyata.

Shija hata ramani hakuitazama.

"Napiga mwano," akasema.

Kwa msio wa huku Bariadi: mwano ni yowe la hatari. Ukiusikia unatoka na rungu lako, hata kama ulikuwa unakula.

Nikamjibu, "Umepiga. Hakuna aliyekuja."

Binamu yangu Kabula akaweka dadu chini. "Hakuna aliyekuja? Kijiji cha watu gani hicho?"

Nikajitetea kwamba wanaogopa joka.

Shija, ambaye nyumba zetu zinapakana, akanikazia macho. "Kwa hiyo mimi nikivamiwa, wewe utabaki ndani?"

Ninyi mngejibu nini?

Nikatoa kijiji kizima, na vijiji vya jirani. Wezi wamefungwa kamba, joka limekimbia, ng'ombe wamerudi zizini. Dadu haikurushwa hata mara moja.

Sasa wananiuliza Jumapili ijayo tunaendelea saa ngapi.

Tunaendelea na nini?