Rufaa ya Dawa ya Dumuzi

Watu wakisikia nilifanya kazi kwenye maktaba ya kemikali, hudhani nilikuwa napanga vitabu. Vitabu vya wapi! Zilikuwa chupa, rafu kwa rafu, kila moja ina maji ya gome, mizizi au majani ya nyanda zetu hizi. Kazi yetu pale maabara Dodoma ilikuwa kuyadondosha kwenye mahindi, kuwaachia dumuzi, wale wadudu watoboa nafaka, kisha kungoja tuone kama watakufa. Mara nyingi walinenepa. Kwetu Haneti wadudu wale walishageuza maghala kuwa vumbi, na mama yangu alikuwa mmoja wa waliolala njaa kwa sababu yao. Sikuwa na mchezo na kazi ile.

Siku chupa moja ilipowaua wote, nililia. Ilikuwa ya gome la mti mmoja wa porini. Lakini ndizo zilikuwa enzi za ruksa, za soko huria, serikali ilishajitoa, maabara ijitafutie yenyewe. Kiwanda kilichotaka kutengeneza dawa kikasema wazi kwamba bila hataza, ile haki ya kisheria ya mvumbuzi, hakiweki hata senti. Tukaomba, tukanyimwa. Ofisi ya hataza ilisema jambo letu ni dhahiri mno kuitwa uvumbuzi: wanakijiji wa huku tangu zamani huchanganya nafaka na majivu ya miti, na mtaalamu yeyote mwenye chupa zile angejaribu moja moja mpaka aikute. Nilikasirika, jamani. Angejaribu! Mbona hakujaribu?

Tukakata rufaa. Wakili wetu, mama mmoja mpole wa maneno machache, akaniambia nitafute mtu wa kwetu anayejua hasa majivu gani hutiwa kwenye kilindo, lile pipa la gome tunalohifadhia nafaka. Nikaenda kwa Mama. Nilipomwonyesha gome letu aliacha kuchambua mlenda, akanitazama kama mgeni. Mimi nilikulia bwenini, sikujua. Mti ule, akasema, hata kuni zake haziingii nyumbani. Anayeuingiza anaita msiba. Wakili aliposikia hivyo alifurahi waziwazi kwa mara ya kwanza. Kama watu wa huku wanaukimbia hivyo, akasema, nani angewaza kuuweka kwenye chakula?

Mama akaja mjini na kitenge chake cha kanisani. Waliosikiliza rufaa walimwamkia kwa heshima, kisha mwenyekiti akamuuliza kama angeweza kutia majivu ya mti ule kwenye mahindi yake. Kiswahili cha Mama ni cha kupimapima, lakini siku ile kilinyooka.

"Baba, hata njaa iwe vipi. Wanangu wale nini, kifo?"

Tulishinda, na uamuzi wenyewe ulirudia karibu maneno yake yote. Nilijiona nimemaliza kazi niliyoletwa duniani kuifanya.

Dawa ilipotoka kiwandani nilibeba kopo nikaenda nalo Haneti. Mahindi ndiyo kwanza yameingia kilindoni, na dumuzi washafika. Ukitega sikio unawasikia wakitafuna. Nikamweleza Mama kwamba hii si kuni, ni dawa, imesafishwa, imepimwa, haimdhuru mtu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Majirani waliokuja kunisalimu nao walisikiliza, na wote walijua alichosema mjini, maana alikuwa amewasimulia kwa fahari. Hakuna aliyenyoosha mkono, hata kwa ya bure.

Nikamsihi. Nilimwambia Mama, utakufa njaa.

"Mwanangu, uliniita nikaseme kweli," alijibu taratibu. "Ulidhani nawatania?"

Akachukua ungo, akaanza kupepeta vumbi la dumuzi na kuokota punje zilizosalia. Roho iliniuma kuliko siku tuliyonyimwa. Nikakaa chini, nikamsaidia.