Deki Ishuke, Redio Isikike

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, baa moja ya Bondeni ilipata deki ya kaseti iliyovushwa mto Songwe kutoka Malawi na shemeji wa mwenye baa. Mwenye baa, mama wa makamo, aliiunganisha kwenye amplifaya pamoja na redio yake ndogo ya zamani. Deki ilinguruma, redio ikanong'ona.

Jioni, saa ya matangazo ya vifo, alikuwa akigeuza swichi kutoka kaseti kwenda redio. Mpaka aongeze sauti, jina la kwanza limeshapita. Ndivyo shangazi yake wa Chunya alivyozikwa, yeye akiuza bia. Huku kwetu msiba haukoswi hivihivi; ndugu zake walikuwa bado wanamsalimia kwa ncha ya midomo.

"Mwanangu, sirudii aibu ile," aliniambia mimi, fundi wa mtaani. "Tengeneza, au deki irudi Malawi."

Shule niliiacha darasa la sita, lakini sijawahi kupita kitu chenye skrubu bila kukifungua. Nilianza na redio. Niliipandisha mpaka mtangazaji akaanza kukwaruza, nikairudisha kidogo. Kisha nikapandisha amplifaya mpaka maneno yakafika meza ya mwisho. Hapo nikakataza mtu kuigusa tena.

Nikageukia deki. Nyuma yake kulikuwa na kitufe kidogo cha sauti, nacho kilikuwa kimezungushwa hadi mwisho. Nikaanza kukirudisha.

"Fundi gani wewe anapunguza?" aliuliza mkulima wa mpunga wa Mwaya, mteja wa kila siku ya soko. "Tumekuja kusikia muziki au mbu?"

"Kunywa, baba. Aliye dhaifu ameshafika mwisho wake. Mwenye nguvu ndiye wa kushuka."

Nikageuza swichi huku na huku, nikisikiliza kutoka meza ya mwisho, mpaka kaseti na redio zikalingana. Mama akaweka alama kwenye vitufe kwa rangi yake ya kucha.

"Ndaga, asante," akasema, kisha akangoja saa ya matangazo.

Ilipofika, aligeuza swichi mara moja tu. Jina la kwanza lilitoka zima, na kijiji chake, na siku ya maziko: kesho. Mkulima wa Mwaya akaweka glasi chini.

"Mama mkwe wangu," alisema.

Mama alikwishafungua fundo la kanga yake kiunoni, akamtolea nauli ya lori la alfajiri.

"Nenda, baba," akamwambia. "Wewe utawahi."