Presha ya Dada wa Mgonjwa

Ndugu, jamaa na marafiki, kwa unyenyekevu mkubwa natangaza kwamba leo, hapa Jeddah, nimegundua mgonjwa ambaye hata daktari hakumjua.

Mlioko Riyadh, vigelegele tafadhali.

Leo Sista Liza, Mfilipino anayenifundisha kazi, alikuwa anaangalia kama naweza kuachiwa wagonjwa peke yangu.

Naingia chumbani. Mama mmoja amelala kitandani. Wengine wako chini kwenye zulia wanakunywa kahawa na kula tende, utadhani ni harusi.

Nikampima wa kitandani. Presha iko juu ajabu! Nikamwita daktari mbio.

Mmoja wa pale chini akainua kikombe: "Sista, huyo mafi mgonjwa, si mgonjwa! Mgonjwa ni mimi. Huyo dada yangu, amechoka kuniuguza."

Daktari akapima tena, kweli iko juu; dada mtu akaanzishiwa dawa. Familia ikanijaza tende mfukoni. "Mashallah, Mkenya ana jicho!"

Jicho gani, jamani? Niliona mtu kitandani, nikapima. Bangili ya jina anayovaa mgonjwa mkononi sikuangalia, na mvi zangu zote hizi.

Sista Liza kasema tu, "Mama, kesho tunarudia."

Chekeni, nimewaruhusu. Lakini ningekuwa nimeshika sindano ya mgonjwa, nikamchoma dada mtu, leo nisingeandika hapa.