Bakuli la Maji la Fundi Mulji

Mpaka leo harufu ya ubani ikinikuta mahali, iwe harusini au matangani, mguu wangu wa kulia huanza kutikisika wenyewe na macho yangu hutafuta mlango ulipo. Wenzangu wanavuta hewa na kusema mashallah, nyumba inanukia. Mie nasogea dirishani. Si kwamba nauchukia ubani. Ubani ulikuwa harufu ya nguo za bibi yangu, na bibi yangu nilimpenda kuliko mtu yeyote niliyepata kumjua. Lakini mwaka mmoja, nikiwa na umri wa kama miaka tisa, Mwingereza bado anatawala na Temeke yetu bado ina minazi mingi kuliko nyumba, ubani huo huo ulikaribia kuniua, na walioufukiza walikuwa wananipenda. Nataka kulieleza hilo taratibu bila kurukaruka, ingawa kutulia si kazi yangu. Tangu nianze kuandika ukurasa huu nimekwisha simama mara mbili, mara moja kwenda kuangalia sufuria ambayo haikuwa hata motoni.

Nilikuwa na pumu. Nililelewa na Bibi Mwanaidi, mzaa mama, kwa sababu mama yangu alifariki nikiwa sijaanza kutembea, naye alikuwa na kifua hiki hiki. Baba alikuwa kuli bandarini, akiondoka alfajiri na kurudi amechoka hata kusema. Kipupwe kilipoingia, asubuhi zikawa na ubaridi na vumbi la barabara ya Kilwa likawa linapeperuka mpaka uani, kifua changu kilianza kupiga filimbi. Watu hudhani mwenye pumu anakosa hewa. Mie niliyeishi nayo nasema hivi: hewa imejaa tele humo ndani, shida ni kuitoa. Unavuta juu ya ulichokwisha vuta, mpaka mabega yanapanda masikioni. Na mie nilikuwa mtoto wa mapepe, sikai, situlii, nikitumwa chumvi narudi na habari za mtaa mzima na chumvi nimeisahau. Nikibanwa niliogopa, na nikiogopa nilibanwa zaidi, na hapo nilikimbia, kana kwamba pumzi iko mtaa wa pili inaningoja.

Bibi alikuwa hawezi kuisikia ile filimbi akakaa. Alikuwa anaweza kuwa ana mwiko mkononi, ugali unaungua, akauacha akaja kusimama mlangoni ananitazama tu. Alikwisha amua zamani kwamba ni pepo anayekaa vifuani mwa wanawake wa ukoo wetu, ambaye hakupewa haki yake. Akaita fundi wa ngoma, mama mmoja mnene mwenye sauti nzuri kutoka Mtoni. Yule mama akaweka sikio kifuani pangu na kusema ndiyo, yumo, anataka pete ya fedha na anataka kufukizwa alasiri nzima. Ngoma ikapangwa Jumamosi, siku ya kumi na nne tangu siku ile, maana yake wiki mbili. Nikajua nimekwisha. Bibi alikuwa ameshanifukiza nyumbani mara mbili, kidogo tu, nimefunikwa shuka juu ya chetezo cha makaa na ubani, na mara zote mbili nilianguka midomo imegeuka rangi. Watu wazima waliona hiyo ndiyo dalili njema. Walisema pepo anauchukia moshi, anakaribia kutoka. Ungewaambia nini, na wewe una miaka tisa na pumzi ya kusema huna?

Ng'ambo ya njia yetu, kwenye chumba cha mbele cha nyumba ya kupanga, alikuwa anakaa sonara, Baniani mmoja mwembamba aitwaye Fundi Mulji. Alikuwa peke yake, hali nyama, hagombani, na watoto wote wa mtaa tulimjua kwa jambo moja. Kila asubuhi kabla ya kufungua kazi alikunja gunia, akalikalia na miguu ameipishanisha, mgongo wima, macho amefumba. Halafu anaziba tundu moja la pua kwa kidole gumba, anavuta, anahamisha kidole, anatoa. Tulikuwa tunachungulia dirishani tuone kama amekufa. Tulimrushia kokoto. Siku moja nilijipa kazi ya kumngoja mpaka atikisike. Nilijikuna, nikahama mguu, nikafukuza inzi, nikaona kitumbua kinapita, nikarudi, naye yuko vile vile. Alinikasirisha, sijui kwa nini. Niliona kama anajivuna, kwamba ana kitu ambacho mie sina na hataki kusema alikipata duka gani.

Pete ilibidi itengenezwe naye. Bibi alifungua sanduku akatoa kikuku cha fedha cha mama yangu, kitu pekee cha mama kilichobaki, akakifunga kwenye pindo la khanga na kunishika mkono. "Fundi, hiki kiyeyushe," alimwambia. "Pete ni ya huyu mtoto. Iwe tayari Ijumaa ya wiki ijayo." Mulji akakipima kikuku kwenye kiganja, akanitazama mimi badala ya kukitazama. Nilikuwa nimetoka mbio na kifua kinalia. Aliuliza, "Toto iko na pumu siku nyingi?" Bibi akajibu kwamba hiyo si pumu, ni mambo ya kwetu. Sonara hakubisha. Akasema nije kila siku baada ya chuo cha Kurani nipimwe kidole, eti kidole cha mtoto hubadilika. Bibi akakubali. Mie nilijua kidole hakibadiliki kwa siku moja, lakini niliona afadhali kwenda huko kuliko kukaa nyumbani nikihesabu siku.

Siku ya kwanza nilimkuta kazini. Mbele yake taa ndogo ya mafuta, mdomoni mrija wa shaba uliopinda, na anapuliza mwali wa taa uingie kwenye kipande cha kikuku cha mama kilicholazwa juu ya mkaa. Mashavu yametuna. Nilingoja avute pumzi. Havuti. Mwali unakwenda tu, mwembamba, haupandi haushuki, mpaka fedha ikaanza kung'aa na kujikusanya. Kumbe alikuwa anavuta kwa pua huku mashavu yanasukuma. Nililijua hilo baadaye. Alipoutoa mrija nilimuuliza, bila hata shikamoo, pumzi yote ile anaiweka wapi. Akacheka kidogo. Kiswahili chake kilikuwa chake mwenyewe lakini hakikumpotezea mtu njia. "Mimi hapana weka," alisema. "Mimi natoa. Wewe iko navuta, navuta, hapana toa. Nyumba imejaa, mgeni mpya takaa wapi?"

Akanipa mrija wa zamani na bakuli la maji. Kazi ilikuwa kupuliza ndani ya maji mapovu yatoke bila kukatika, madogo madogo, polepole, kama mtu anayepoza uji wa mtoto. Nilidhani ni mchezo, nikapuliza kwa nguvu, maji yakanirukia usoni, yakaisha. Akajaza tena. Nikaanza vizuri, halafu nikakumbuka ngoma, shuka, sauti ya yule mama wa Mtoni, na mapovu yakakatika. Mulji, ambaye hakuwa hata ananiangalia, akauliza, "Umekwenda wapi?" Nikasema niko hapa. Akasema, "Hapana. Mapovu nasema ulikwenda." Hivyo ndivyo ilivyokuwa siku zote zile. Napuliza, nakwenda Mtoni kwa mawazo, mapovu yanakatika, anauliza umekwenda wapi, narudi. Hakunigombeza hata mara moja kwa kwenda. Alichotaka ni nirudi. Aliniambia kule kwao wako watu wanaofanya kazi hiyo tu maisha yao yote, kwenda na kurudi, na kwamba moto husikiliza pumzi, pumzi husikiliza kichwa. Nikamuuliza, na kichwa humsikiliza nani? Akarudisha mrija mdomoni akaendelea na kazi. Swali lile liliniwasha wiki nzima, ningemfinya.

Jumatano ya wiki ya pili pete ilikuwa karibu kwisha, ndogo, na mchoro wa jani juu yake. Nilipoiona nilishikwa na woga. Nikamwambia, "Fundi, iunguze. Sema imeharibika. Bila pete hakuna ngoma." Akasema pete haina kosa, na bibi yangu hana kosa, na yeye hawezi kuharibu fedha ya mtu aliyekufa. Nililia, nikampigia teke gunia lake, nikamwita Baniani mshenzi. Sikujua mahali pengine pa kuiweka hofu yangu. Alichofanya ni kusukuma bakuli mbele yangu. Siku ile alishindwa kuendelea kupuliza; alikwenda kulikalia gunia lake mchana kweupe, akafumba macho. Nikapuliza maji huku nalia. Tulikaa hivyo mpaka wote wawili tukapata nafuu.

Jumamosi alasiri uani kwetu kulijaa akina mama. Nilivishwa nyeupe, na pete kidoleni, nikakalishwa kwenye kigoda, chetezo miguuni pangu, shuka jeupe likashushwa juu yangu mpaka chini. Ngoma zikaanza. Moshi ulipanda kwenye magoti, kifuani, usoni, na kifua kikafunga kama mlango. Nikataka kuruka nikimbie. Bibi alikuwa nyuma yangu, mkono wake umelala mgongoni pangu juu ya shuka, na sikuweza kumwaibisha mbele ya watu. Nikaanza kuvuta juu ya nilichovuta. Macho yakaingia giza. Na katikati ya kelele zile nikajiuliza mwenyewe, kwa sauti yangu si ya Mulji, umekwenda wapi? Nikajibu, nimekwenda kufa. Nikarudi. Nikaubana mdomo kama kuna mrija, nikatoa. Kidogo sana. Mapovu yakakatika, nikaanza upya. Nikatoa tena, refu kidogo. Wakati huo upepo mwembamba wa baridi ukaanza kuingia kutoka upande wa kushoto karibu na goti, sikujua unatoka wapi, nikageuzia uso huko nikanywa hewa ile na kuitoa, nikanywa na kuitoa, mpaka ngoma zikawa mbali na hofu ikawa kitu ninachokitazama. Sikuanguka. Sikupiga kelele. Shuka lilipofunuliwa jua lilikuwa limeshuka kwenye minazi na mie nimekaa wima, nimetulia, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu. Yule mama wa Mtoni akasema pepo amekubali pete. Akina mama wakapiga vigelegele.

Nilichukia. Nilimshukuru Mungu niko hai, lakini nilichukia kwamba pete ndiyo iliyosifiwa mtaa mzima, na Bibi ndiye aliyeisifu kuliko wote. Pumu haikuondoka, ilipungua ukali, kwa sababu nilikuwa sikimbii tena ikija. Mie nilikaa na siri yangu inanichoma ulimi. Nilikwenda kwa Mulji kumwomba radhi na kumwambia kwamba nimepata jibu la lile swali la kichwa humsikiliza nani, nikakuta chumba kimefungwa. Walisema ndugu yake wa mjini alikuja kumchukua, wanafungua duka pamoja. Sikumwona tena. Jibu lenyewe nililobeba siku ile nimekwisha libadilisha mara nyingi, na sasa sina hakika nalo hata kidogo.

Siku hizi nakaa Tegeta kwa mjukuu wangu Rehema. Kila Jumamosi yeye huenda kwenye ukumbi mmoja karibu na barabara ya Bagamoyo, ambako watu wanatandika mikeka ya mpira, wanakunja miguu na kufumba macho, na wanatoka wamevaa uso wa kushiba. Alinichukua nami. Mwalimu, binti mwenye adabu, alinipa shikamoo na kiti, akasema tufuate pumzi, itoke ndefu kuliko inavyoingia. Nilifumbua jicho moja nikaona simu zimelala chini kando ya kila mkeka, zinawakawaka, na Rehema anaichungulia yake. Sikumcheka. Sisi tulikuwa na kitumbua kinachopita njiani, wao wana hiyo. Na mkobani mwangu mna dawa ya kupuliza mdomoni, ambayo ingekuwapo siku zile pengine mama angenilea mwenyewe. Baadaye mwalimu aliniuliza ni nani aliyenifunza kupumua vile. Nikamjibu, sonara mmoja wa Temeke. Ndivyo ninavyojibu kila mara, na kila mara nikishasema najiona nimesema nusu.

Nusu nyingine ni hii. Bibi Mwanaidi aliishi sana, na siku zake za mwisho mapafu yalimjaa. Nilikuwa mke wa mtu, nina watoto. Nilikuwa nimekaa nyuma yake kitandani amenilalia kifuani, mchana, dirisha wazi, naye anahangaika kuvuta. Akaniambia, kwa maneno ya kukatika, "Nipulizie kama ulivyokuwa ukipuliza mle ndani ya shuka." Nikaganda. Nikamuuliza alijuaje. Akasema mkono wake ulikuwa mgongoni pangu, alikuwa anauhesabu mgongo ukipanda na kushuka, na alijua tangu wiki ile kwamba kwa yule Baniani sikuwa nakwenda kupimwa kidole. Nikasema, basi upepo ule wa kwenye goti. Akasema, "Ni mimi. Nililiinua shuka kwa dole la mguu, fundi wa ngoma asione." Nikataka kucheka. Nikamuuliza kwa nini basi aliisifu pete miaka yote ile. Akahangaika kuvuta mara mbili. Halafu akasema, "Kwa mama yako sikuinua. Nililishikilia, kwa mikono hii miwili, mpaka pumzi ikamwisha." Ubani wa khanga yake ulinijaa puani, na mguu wangu ukaanza kutikisika kutafuta mlango. Nikajiuliza nimekwenda wapi. Nikarudi. Nikabana mdomo karibu na sikio lake, nikaanza kutoa pumzi polepole, naye akanifuata.