Kumfuata Chapuo hadi Kwala

Siku niliyotoka eda, wanawake wa Kisarawe walinijia na udi na kanga mpya, wakanitania kwamba sasa nikae barazani nionekane. Nikawaambia kukaa barazani sitaki, kesho naenda Kwala kumfuata mbwa. Hee! Walicheka mpaka wengine wakashika mbavu. Wifi yangu Zuhura, dada yake marehemu mume wangu, akasema, "Jamani, wenzio wakitoka eda hutafuta mume, wewe watafuta mbwa!" Nikacheka nao, lakini mimi sikuwa na utani.

Mbwa mwenyewe ni Chapuo, mbwa wa kuwindia wa mume wangu Shomari. Wakati huo wa Mwingereza, vita vimekwisha lakini dukani bado hakuna kitu, nyama ya nyumbani kwetu ilikuwa ile waliyoileta hao wawili kutoka vichakani. Alfajiri nilisikia njuga ya shingoni mwa Chapuo ikitoka uani, jioni nikaisikia ikirudi, nami nikateleka maji. Shomari alipokufa, Chapuo alifungwa kamba kwa jirani ili asiingie katikati ya watu wa maziko. Siku chache baadaye, mimi nimo ndani, nikasikia njuga inapita nyuma ya nyumba na kushuka njia ya Pugu. Haikurudi. Kumbe shemeji yangu, mdogo wake marehemu, amempa Mzee Pazi wa Kwala, aliyekuwa akiwinda na Shomari. Hakuniuliza. Na mwenye eda hatoki nje kukimbiza mbwa, basi nikakaa miezi ile yote nikisokota kamba ya kwenda kumfungia. Nilimtaka arudi. Nilitaka jioni kiingie uani kwangu kiumbe kinachomjua Shomari.

Asubuhi niliteremka kilima kwa miguu hadi stesheni ya Pugu, kamba kikapuni pamoja na mananasi ya wenyeji wangu. Gari moshi lilichelewa kama kawaida yake. Kwenye behewa la daraja la tatu nilikaa na mama mmoja aliyekuwa anashukia Ruvu aende kwao Mlandizi, mdomo hauna breki. Akaniuliza naenda wapi. Nikamwambia naenda Kwala kumchukua mtu wetu. "Mtoto?" Nikatazama nje. Wacha wee, ningemwambia ni mbwa, angeisimulia Mlandizi nzima.

Baada ya Soga joto lilipanda. Mto Ruvu ulikuwa umejaa, na bonde lote kijani kitupu, mipunga na matete. Shomari alizoea kunisifia bonde hilo, nami kila mara nikimwambia, "Iko siku utanipeleka." Sasa nimepita peke yangu, mama wa Mlandizi ameshashuka, na uzuri wa pale ukanichoma.

Adhuhuri nikashuka Kwala. Nyumba ya Mzee Pazi ilikuwa nyuma ya stesheni, katikati ya shamba la mihogo. Nikapiga hodi.

"Karibu, shemeji!"

"Shikamoo, Mzee Pazi."

"Marahaba. Pole na msiba, pole na safari. Umetoka salama?"

Njuga ile niliisikia uani, nikaita, "Chapuo!" Akaja mbio karibu aniangushe. Akaninusa miguu, akanusa kanga, akanusa kikapu, huku analia kama mtoto. Halafu akaniacha. Akakimbia hadi kwenye njia niliyojia, akasimama, mkia unacheza, akaitazama njia ile mpaka mwisho. Alikuwa anamngoja wa pili. Nami nikageuka. Wallahi, niligeuka kutazama.

Mzee Pazi akanywea. "Ndivyo anavyofanya," akasema, "kila akija mtu wa kwenu."

"Nimekuja kumchukua."

"Ni wako, shemeji. Mimi niliambiwa umeridhia. Lakini kesho tunaingia porini. Mwone kwanza, halafu mfunge kamba yako."

Kulipopambazuka nilifuatana na mkewe, Bi Mwanaidi, hadi ukingo wa shamba la mtama. Mzee Pazi akasema "Bismillahi" na kuwaachia mbwa. Chapuo akatangulia. Majani yakamfunika, nikabaki na sauti ya njuga tu, huku, kule, mara kimya, mara inalia mbio mbio na wanaume wanapiga kelele. Waliporudi wamebeba paa. Chapuo alikuwa mbele, sikio limechanika, ulimi nje, na furaha aliyokuwa nayo sikuiona tangu bwana wake alipougua.

"Kwenu nani atampeleka porini?" Bi Mwanaidi akauliza.

"Nitampeleka mwenyewe!"

Akanitazama magoti. Tukacheka sote wawili, maana mimi kilima cha Kisarawe tu nakipanda kwa dua. Lakini kicheko kiliponiisha niliona wazi. Mbwa wa kuwinda akikosa kazi huiba mayai, akapigwa mawe na majirani. Na Chapuo kwangu angelala mlangoni kutwa nzima, macho njiani, nami nyuma yake vivyo hivyo. Tungekuwa wawili wa kungoja. Roho iliniuma sana. Kamba yangu nikampa Bi Mwanaidi afungie mbuzi.

Alasiri wakanisindikiza stesheni, na Chapuo akaja. Tuliposimama kando ya reli, yeye akaketi, uso ameuelekeza Pugu. Hapo ndipo nilipofahamu. Kwetu mtu akifa, hata ndugu aliye mbali hufuatwa, akaambiwa ana kwa ana. Huyu alifungwa kamba, kisha akaondolewa. Hajaambiwa na mtu.

Nikachutama mbele ya abiria wote, wacheke wakitaka.

"Chapuo," nikasema, "Shomari kafa. Tumemzika. Haji tena, baba. Usimngoje."

Maneno hayo sikuwahi kuyatamka. Katika eda wengine ndio walioyasema, kazi yangu ilikuwa kuitikia pole zao. Nikalia pale pale, kwa sauti. Chapuo akalaza pua gotini kwangu, hakuondoka mpaka gari lilipopiga honi. Kama alielewa au hakuelewa, Mungu ndiye ajuaye.

Jua linazama nikafika Kisarawe, miguu imevimba. Zuhura alikuwa mlangoni.

"Mbwa yuko wapi, wifi?"

"Nimemwacha na kazi yake."

"Basi umekwenda bure!"

"Nilikwenda kumpa habari ya msiba," nikamwambia. Safari hii hakunicheka, akanipokea kikapu.

Mkiniuliza Kwala nimejifunza nini, jibu langu ni hili: kumbe na mimi nilikuwa bado sijaambiwa, mpaka niliposikia kutoka kinywani mwangu mwenyewe. Nikaingia jikoni kuteleka. Tangu Shomari afe nilikuwa nikipima unga wa watu wawili, kinachobaki nikiwamwagia kuku. Jioni ile nilipima wa mtu mmoja.